Jinsi ya Kuchagua Chaneli ya Waifai kwa Ruta ya Nyumbani: Mwongozo kwa Wakazi wa Mtwara na Lindi

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na watu wanaoweka ruta nyumbani kwa mara ya kwanza halibadiliki, awe anauliza mpangaji wa Chikongola, mwalimu wa Masasi au mwenye duka wa Lindi mjini: simu inaonesha waifai imejaa, bando lipo, lakini ikifika jioni video inakwama kila baada ya dakika moja, je, aweke chaneli (njia ya hewani ambayo ruta huitumia kuzungumza na simu) namba ngapi? Wengi hutaka niwatajie namba moja, wakaiweke, waendelee na shughuli zao. Namba hiyo haipo, kwa sababu jibu linatokana na ruta za majirani zako, na majirani wa Shangani si majirani wa Mikindani. Kilichopo ni namna ya kupima, na mtu yeyote mwenye simu janja anaweza kupima mwenyewe kwa muda usiozidi saa moja, bila kumlipa fundi.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Simu ya Android au kompyuta mpakato yenye waifai. Simu ya iPhone inafaa pia, ingawa inahitaji hatua ya ziada nitakayoieleza.
- Nywila ya kuingia kwenye mipangilio ya ruta. Hii si ile nywila ya waifai unayowapa wageni. Mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko chini au nyuma ya ruta, pamoja na anwani ya kuingilia.
- Waya wa mtandao, kama unao. Ruta nyingi huja nao ndani ya boksi.
- Karatasi na kalamu.
- Muda wa jioni, kati ya saa moja na saa nne usiku. Ukipima saa nne asubuhi, wakati majirani wako kazini au shambani, utaiona hewa tupu na utachagua chaneli itakayokusaliti wakirudi.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni la waifai

Watu wengi wa huku hutumia ruta inayowekwa laini ya simu. Ruta ya namna hiyo ina safari mbili za hewani: ya kwanza ni kutoka mnara wa simu hadi kwenye ruta, na ya pili ni kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu yako. Chaneli tunayoizungumzia hapa inahusu safari ya pili peke yake. Mnara ukiwa umezidiwa na watumiaji, unaweza kubadilisha chaneli mpaka alfajiri na usipate hata tone la nafuu.

Kipimo kizuri kuliko vyote hakihitaji intaneti kabisa. Kwenye kompyuta iliyounganishwa kwa waifai, fungua dirisha la kuandikia amri, andika neno ping likifuatiwa na anwani ya ruta, kwa mfano ping 192.168.1.1, kisha tazama muda wa kujibu unaooneshwa kwa milisekunde. Majibu yakija kwa milisekunde chache na kwa utulivu huku intaneti ikiwa bado inasuasua, kosa haliko kwenye chaneli, na unapaswa kuwauliza waliokuuzia huduma. Majibu yakiruka kutoka 3 hadi 400, kisha yakapotea, kisha yakarudi, safari kati yako na ruta yako mwenyewe ndiyo yenye matatizo, na mwongozo huu unakuhusu. Asiye na kompyuta apime kasi ya intaneti kwa simu akiwa amesimama mita mbili kutoka kwenye ruta, kisha apime tena akiwa chumbani. Kasi ikiwa nzuri pale na mbaya huku, tatizo linaelekea kuwa kwenye safari hiyo hiyo kati yako na ruta.

Nadharia kidogo, na si zaidi ya hapa

Waifai ya bendi (yaani kundi la masafa ya redio) ya gigahezi 2.4 imegawanywa katika chaneli 1 hadi 13. Chaneli 1 iko kwenye megahezi 2412, na kila inayofuata inasogea kwa megahezi 5 tu, ilhali ruta inapozungumza hutumia upana wa megahezi 20 hivi. Maana yake ni kwamba ruta iliyowekwa chaneli 3 inamwagikia pia chaneli za 1, 2, 4 na 5. Chaneli zinazoweza kukaa bila kugusana ni 1, 6 na 11.

Sasa lishike jambo hili moja, kwa sababu ndilo linalowapotosha wanaoanza. Ruta mbili zikiwa kwenye chaneli ile ile, husikilizana na kupeana zamu, kama watu waliokaa baraza moja: mmoja akisema, mwingine anangoja. Zikiwa kwenye chaneli zinazokaribiana bila kulingana, kwa mfano 4 na 6, hazielewani vizuri, na mambo huwa kama ngoma mbili zinazopigwa kwenye nyua zinazopakana: hakuna anayengoja, na kila mmoja anaisikia ngoma ya mwenzake kama kelele. Kwa hiyo ni afadhali kuchangia chaneli 6 na jirani kuliko kujibanza chaneli 4 kwa sababu tu programu imeionesha haina mtu.

Hatua za kufuata

1. Pima hali ilivyo sasa. Andika kasi na muda wa kujibu ukiwa mahali unapotumia mtandao zaidi, yaani kitandani, sebuleni au barazani, na uandike saa uliyopima. Watu huiruka hatua hii, kisha wakibadilisha chaneli hawajui kama wamepata nafuu au wameamini tu kwamba wameipata.

2. Tazama ruta za majirani. Kwenye simu ya Android, pakua programu ya kuchambua waifai. Zipo nyingi za bure, na iitwayo WiFi Analyzer inatosha. Itakuomba ruhusa ya mahali ulipo, na usipoiruhusu, au ukizima huduma ya mahali, orodha itabaki tupu. Hapo si kwamba mtaa hauna waifai. Tangu toleo la 9, Android huiruhusu programu iliyo wazi kuchunguza hewa mara nne tu katika kila dakika mbili, kwa hiyo michoro ikionekana imeganda, subiri. Kwenye Windows, andika amri netsh wlan show networks mode=bssid, nayo italeta orodha ya mitandao yote pamoja na chaneli zake. Mwenye iPhone apakue AirPort Utility ya Apple, kisha aingie kwenye mipangilio ya simu, atafute jina la programu hiyo na awashe kipengele cha kuchunguza waifai, kwani huwa kimezimwa.

3. Andika unachokiona, chumba kwa chumba. Simama mahali patatu unapotumia mtandao kweli, wala usisimame kando ya ruta peke yake. Kwa kila mtandao andika chaneli na nguvu yake. Nguvu huandikwa kwa namba yenye alama ya kutoa, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa: kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo nguvu inavyokuwa kubwa. Mtandao wa -40 uko jirani kabisa, wa -67 bado unafaa kwa video, wa -80 ni dhaifu, na wa -90 ni mnong'ono. Usiusahau mtandao wako mwenyewe. Ikiwa chumbani unaupata kwa -82, tatizo lako la kwanza ni kuta na umbali, nami nitalirudia mwishoni.

4. Amua kati ya 1, 6 na 11. Usihesabu mitandao, pima nguvu zake. Chukua mfano huu wa kubuni, ingawa unafanana na nyumba nyingi za kupanga. Chaneli 1 ina mitandao miwili, mmoja wa -46 na mwingine wa -79. Chaneli 6 ina mitandao mitano, yote kati ya -84 na -90. Chaneli 11 ina mmoja wa -57, na jirani mwingine amekaa chaneli 10 kwa -60. Anayeanza ataikimbia chaneli 6 kwa sababu imejaa majina matano. Mimi ningeichagua hiyo hiyo, kwa sababu wale watano wako mbali kiasi kwamba ruta yangu itawasikia kwa shida au isiwasikie kabisa, ilhali yule mmoja wa chaneli 1 yuko ukutani kwangu, na wale wawili wa 10 na 11 wanakwaruzana wenyewe kwa wenyewe.

Chaneli zote tatu zikiwa na majirani wenye nguvu zinazokaribiana, chagua ile isiyo na mtu aliyekaa pembeni yake kwenye namba za katikati. Zikilingana hata hapo, chagua yoyote kisha uache kipimo cha mwisho kiamue, kwa sababu programu hizi huonesha nguvu ya mtandao wa jirani bila kuonesha anautumia kiasi gani. Jirani wa -50 anayesoma ujumbe tu ni mwepesi kuliko jirani wa -65 anayeangalia mpira usiku kucha.

5. Ingia kwenye mipangilio ya ruta. Fungua kivinjari na uandike anwani iliyo kwenye kibandiko. Zinazokutwa mara nyingi ni 192.168.0.1, 192.168.1.1 na 192.168.8.1. Ukiwa na waya, utumie, kwa sababu ukibadilisha chaneli kupitia waifai utakatika katikati ya kazi. Kabla hujagusa chochote, piga picha kurasa za mipangilio kwa simu. Na hapa pana onyo ambalo natamani ningelibandika kwenye kila ruta: usibonyeze kile kitufe kidogo cha kurudisha ruta kwenye hali ya kiwandani kwa sababu tu umesahau nywila. Ruta nyingi za faiba zimehifadhi ndani yake taarifa za akaunti alizoziweka fundi wa kampuni, na ukizifuta utabaki bila intaneti hadi atakaporudi. Nimemwona mtu aliyekaa hivyo kuanzia Ijumaa hadi Jumanne.

6. Badilisha chaneli na upana. Tafuta sehemu iliyoandikwa Wireless au WLAN, kisha ingia kwenye bendi ya 2.4. Mahali penye Channel patakuwa na neno Auto, yaani ruta ijichagulie yenyewe. Weka namba uliyoichagua. Karibu yake kuna mpangilio wa upana, na wengi huukuta kwenye 40 au kwenye mchanganyiko wa 20 na 40. Weka 20. Upana wa 40 unavutia kwa sababu unaahidi kasi maradufu, lakini kwenye bendi hii unameza sehemu kubwa ya nafasi yote iliyopo, kwa hiyo unajigonganisha na kila jirani na kuwaharibia wao pia. Hakikisha pia kwamba nchi iliyochaguliwa ni Tanzania. Hifadhi, kisha subiri vifaa viunganike upya. Havitahitaji nywila mpya.

Kuhusu neno Auto, sisemi kwamba ni baya siku zote. Ruta mpya za bei ya juu huchunguza hewa mara kwa mara na huchagua vizuri. Nyingi za bei nafuu huchagua mara moja tu, zinapowashwa. Sasa fikiria umeme unapokatika mtaa mzima kisha unarudi: ruta zote zinaamka kwa pamoja, kila moja inatega sikio kabla wenzake hawajaanza kuzungumza, inaona hewa ni tupu, na nyumba sita zinajikuta kwenye chaneli moja hadi umeme utakapokatika tena. Ndiyo maana baadhi ya watu huniambia mtandao wao huwa mbaya baada ya umeme kurudi, wakidhani umeme umeharibu ruta.

7. Itumie bendi ya 5 kama ruta inayo. Ruta yenye bendi mbili huonesha majina mawili ya waifai, au huwa na kurasa mbili za mipangilio. Ruta nyingi ndogo za laini hazina bendi hii, na kama yako haina, ruka hatua hii. Bendi ya gigahezi 5 ina nafasi kubwa zaidi, na kwa mitaa yetu mara nyingi utaikuta na majirani wachache sana. Anza na kundi la chaneli 36, 40, 44 na 48. Ukiweka upana wa 80, chaneli zote nne huchukuliwa kwa pamoja, kwa hiyo kuhama kutoka 36 kwenda 44 ni kubadili mlango tu ukiwa ndani ya nyumba ile ile. Jirani wa karibu akiwa amelichukua kundi hilo, na ruta yako inazo 149 hadi 161, hamia huko.

Chaneli za 52 hadi 144 zina sharti lake. Baadhi ya rada, zikiwamo za hali ya hewa, hutumia masafa hayo, na ruta inalazimika kusikiliza kwa muda usiopungua dakika moja kabla ya kuanza kurusha, kisha kuhama mara tu inapohisi rada. Zinafaa kwa anayejua anachofanya. Anayeanza aziache.

8. Pima tena kwa siku tatu. Rudia kipimo cha hatua ya 1, mahali pale pale na saa ile ile. Usihukumu kwa jioni moja, wala usibadilishe mambo mawili kwa siku moja, kwa sababu ukihamisha ruta na kubadilisha chaneli kwa pamoja hutajua kipi kilichosaidia.

Hosteli na nyumba za vyumba vingi

Hali ya hosteli za wanafunzi na nyumba za kupanga zenye uwanja mmoja ni tofauti, kwa sababu kila chumba kina ruta yake ya mfukoni au simu inayogawa mtandao, na unaweza kukuta mitandao minane yote ikiwa na nguvu ya -45. Hapo hakuna chaneli ya kukimbilia. Dawa ni kukubaliana: vyumba vya upande mmoja vikae chaneli 1, vya katikati 6, vya upande wa pili 11, na kila mmoja apunguze nguvu ya kurusha kama ruta yake inaruhusu. Simu zinazogawa mtandao mara nyingi hazikuachii kuchagua chaneli, ila nyingi hukuruhusu kuchagua bendi, na walio na bendi ya 5 wahamie huko. Vilevile vyumba viwili vikichangia ruta moja, kelele hupungua na gharama hupungua, ingawa najua kwamba kuchangia bando ni chanzo cha ugomvi wa aina nyingine.

Mambo yakikataa

Simu moja haiuoni mtandao baada ya kubadilisha. Angalia kama umeweka chaneli 12 au 13. Simu zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, ambazo ni nyingi katika maduka ya simu za mtumba, huweza zisizione chaneli hizo. Rudi kwenye 11. Kama umebadilisha bendi ya 5, huenda simu hiyo haina bendi hiyo kabisa.

Namba uliyoweka inarudi kuwa Auto. Huenda hukuhifadhi kabla ya kufunga ukurasa. Kama ulihifadhi na bado inarudi, au ukurasa wa chaneli umefungwa kabisa, kampuni iliyokuuzia inaidhibiti ruta kwa mbali; wapigie, uwaambie chaneli na upana unaoutaka, kwani wao wanaweza kuiweka wakiwa ofisini kwao.

Mtandao wa bendi ya 5 hauonekani baada ya umeme kurudi. Subiri dakika mbili. Ukitokea baada ya hapo, ruta iko kwenye chaneli zenye sharti la rada. Ihamishie 36.

Mtandao unakatika kwa dakika chache, kisha unarudi wenyewe. Tazama kama kuna anayepasha chakula kwenye maikrowevu, kwa sababu chombo hicho hufanya kazi karibu na megahezi 2450, katikati kabisa ya bendi ya 2.4. Spika za blututhi na diski zinazochomekwa kwenye tundu la USB 3 la kompyuta huweza pia kuleta usumbufu. Bendi ya 5 hukuokoa na yote hayo.

Karibu na ruta ni kuzuri, chumbani ni kubaya, na chaneli zote umezijaribu. Hili ni suala la kuta. Nyumba za zamani za Mikindani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe zina kuta nene zinazoinyonya waifai, na bendi ya 5 ndiyo inayoumia zaidi. Bati lililosimamishwa kama kizuizi, friji, na tangi la maji navyo huziba njia. Iondoe ruta sakafuni na nyuma ya televisheni, iweke juu ya kabati katikati ya nyumba. Mwenye ruta ya laini atakutana na mvutano hapa, kwa sababu mnara unataka ruta ikae dirishani na vyumba vinataka ikae katikati. Atafute dirisha lililo karibu na vyumba vinavyotumika zaidi, hata kama si lile lenye mnara bora kuliko yote. Asipolipata, avute waya wa mtandao hadi chumba cha mbali na kuweka huko ruta ya pili, yenye chaneli tofauti na ya kwanza: moja ikae 1, nyingine 11.